Ngazi Iliyokosa Vipago

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo. Hoja ilikuwa hii: "Juhudi pekee humfikisha mtu kileleni." Mimi nilikuwa upande wa watetezi na nilisimama kifua mbele. Silaha yangu ilikuwa Daktari Ben Carson, yule Mmarekani mweusi ambaye kitabu cha maisha yake kimezunguka darasani mwetu hadi jalada likabanduka. Nilieleza alivyozaliwa mjini Detroit mwaka wa 1951, akalelewa na mama aliyefanya kazi za usafi katika nyumba za watu. Nikaeleza jinsi mwaka wa 1984, akiwa na umri wa miaka 33, alivyofanywa mkuu wa upasuaji wa ubongo wa watoto katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore. Nikamalizia kwa kusema penye nia pana njia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Hapo msichana mmoja wa Kidato cha Pili, wa upande wa wapinzani, akainua mkono. Aliuliza swali moja tu: "Ndugu mtetezi, ikiwa juhudi zilimtosha huyo mmoja, je, weusi wengine wote wa Marekani ambao hawakufika huko ni wavivu?"

Jamani, nilibaki kinywa wazi. Nilitafuta maneno nikayakosa. Mwenyekiti aligonga meza, muda ukaisha, nasi tukashindwa kwa kura nyingi. Lakini si kushindwa kulikoniuma. Kilichoniuma ni kuwa swali lilikuwa la haki na sikuwa na jibu. Likizo nzima nililitafuta. Makala haya ndiyo jibu lenyewe, na naomba yule msichana awe wa kwanza kuyasoma.

NGAZI YENYEWE

Kwanza tufahamu jinsi daktari wa upasuaji anavyopanda cheo kule Marekani, hasa katika hospitali za vyuo vikuu ambako madaktari hutibu, hufundisha na kufanya utafiti kwa pamoja. Mtu husoma chuo miaka 4, kisha chuo cha udaktari miaka 4 mingine. Baada ya hapo huingia mafunzo ya upasuaji hospitalini, ambayo huchukua miaka 5 au zaidi. Akitaka ubingwa wa moyo, ubongo au watoto, huongeza miaka mingine juu yake. Akiajiriwa chuoni huanza akiwa profesa msaidizi, halafu profesa mshiriki, kisha profesa kamili. Wachache sana hufika kuwa mkuu wa idara ya upasuaji.

Sasa angalia jambo moja. Katika kila kipago cha ngazi hii, mtu hajipandishi mwenyewe. Lazima kuwe na mkubwa anayemchagua. Kuna anayempa nafasi ya mafunzo, kuna anayemruhusu kushika kisu katika upasuaji mgumu, kuna anayemwandikia barua ya kumsifu, na kuna kamati inayompa pesa za utafiti. Mwishowe wakubwa wa idara hupiga kura kama apandishwe au la. Juhudi ni zake, ndiyo, lakini mlango uko mikononi mwa wengine. Mdahaloni niliisahau sehemu hiyo ya pili.

VIPAGO VILIVYONG'OLEWA

Tangu zamani weusi wa Marekani hawakukosa madaktari hodari. Mwaka wa 1891 Daktari Daniel Hale Williams alianzisha Hospitali ya Provident mjini Chicago, kwa sababu hospitali nyingi hazikutaka kuajiri madaktari weusi wala kufunza wauguzi weusi. Mwaka wa 1893 aliletewa mtu aliyedungwa kisu kifuani. Williams alimfungua kifua akashona utando unaouzunguka moyo, na mtu yule akapona. Enzi hizo madaktari wengi waliogopa hata kuukaribia moyo. Mwaka wa 1913, Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Marekani kilipoundwa, Williams alikuwa mweusi pekee miongoni mwa waanzilishi. Mweusi aliyemfuata, Daktari Louis Wright wa New York, aliingia mwaka wa 1934. Hesabu mwenyewe: miaka 21 kusubiri mtu wa pili!

Katikati ya miaka hiyo kulitokea jambo lingine. Mwaka wa 1910 ilitolewa ripoti ya mtaalamu aitwaye Abraham Flexner kuhusu vyuo vya udaktari vya Marekani. Ni kweli vyuo vingi vilikuwa hafifu na vilistahili kurekebishwa. Lakini kati ya vyuo saba vya madaktari weusi, vitano vilifungwa katika miaka iliyofuata, vikabaki viwili tu: Howard kilichoko Washington na Meharry kilichoko Nashville. Na vile vya weupe navyo, vingi havikuwapokea weusi. Kwa hivyo, mlango mmoja ulifungwa bila mwingine kufunguliwa. Vijana wangapi walikuwa na nia wakati huo? Njia ndiyo iliyokosekana.

DREW NA WANAFUNZI WAKE

Sasa nikujulishe kwa Daktari Charles Drew, aliyezaliwa Washington mwaka wa 1904. Alihitimu udaktari huko Kanada mwaka wa 1933. Mwaka wa 1940 akawa mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa sayansi ya tiba katika Chuo Kikuu cha Columbia. Alichunguza jinsi ya kuhifadhi damu isiharibike. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, aliongoza mpango wa kukusanya majimaji ya damu mjini New York na kuyapeleka Uingereza kuokoa majeruhi. Ajabu ya Musa ni kwamba Marekani ilipoanza kukusanya damu ya wanajeshi wake, weusi walikataliwa kwanza, kisha mwaka wa 1942 wakakubaliwa kwa sharti kuwa damu yao itengwe na ya weupe. Drew, ambaye aliijua damu kuliko wengi wao, alisema wazi kuwa sayansi haikuunga mkono jambo hilo.

Mwaka wa 1941 Drew alifanywa mkuu wa idara ya upasuaji pale Howard. Hapo ndipo alipofanya kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko ile ya damu: alifunza wapasuaji. Kati ya mwaka wa 1941 na 1950, zaidi ya nusu ya weusi wote waliopasi mtihani wa ubingwa wa upasuaji nchini Marekani walikuwa wamepita mikononi mwake. Hebu fikiria, nchi kubwa kama ile, na zaidi ya nusu wanatoka kwa mwalimu mmoja! Jambo hili linatuonyesha mawili. La kwanza, mwalimu mmoja anaweza kufungua mlango wa wengi. La pili, milango mingine ilikuwa imefungwa kwelikweli.

Na Drew mwenyewe je? Tawi la Chama cha Madaktari wa Marekani mjini Washington halikupokea weusi, kwa hivyo alikufa bila kuwa mwanachama. Wapo wanaosimulia eti alipopata ajali ya gari huko North Carolina tarehe 1 Aprili 1950, hospitali ya weupe ilikataa kumtibu. Si kweli. Madaktari weupe walijitahidi kumwokoa lakini majeraha yalikuwa makubwa mno. Ninalitaja hili kwa sababu tukitetea haki hatuna haja ya kuongeza chumvi. Ukweli wenyewe unatosha. Chama cha Madaktari wa Marekani kiliomba radhi hadharani mwaka wa 2008 kwa jinsi kilivyowatendea madaktari weusi. Wakati huo Drew alikuwa kaburini miaka 58.

FUNDI ALIYEANDIKWA MFAGIZI

Kisa kilichonitoa machozi ni cha Vivien Thomas. Alizaliwa Louisiana mwaka wa 1910, akakulia Nashville, mwana wa fundi seremala. Alitaka kuwa daktari na alikuwa akiweka akiba ya karo. Uchumi ulipoanguka, benki yake ilifilisika na akiba yote ikaenda na maji. Mwaka wa 1930 alipata kibarua katika maabara ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, chini ya daktari mweupe aitwaye Alfred Blalock. Baada ya muda mfupi Thomas alikuwa akifanya upasuaji wa majaribio kwa wanyama na kuandika matokeo yake kama mtafiti kamili. Lakini kwenye orodha ya mishahara aliandikwa mfagizi, na akalipwa kama mfagizi.

Blalock alipohamia Johns Hopkins mwaka wa 1941, alikataa kwenda bila Thomas. Huko walikabiliwa na tatizo la watoto wanaozaliwa na moyo wenye kasoro. Damu haifiki vizuri mapafuni, mtoto hugeuka rangi midomoni na vidoleni akawa wa samawati, na wengi walikufa wakiwa wadogo. Daktari Helen Taussig, bingwa wa moyo wa watoto, ndiye aliyewaletea tatizo hilo akiamini kuwa njia mpya ya damu ingeweza kutengenezwa. Thomas alifanya majaribio kwa mbwa wapatao 200. Alijifunza kuunganisha mshipa uendao mkononi na ule uendao mapafuni, tena akatengeneza vifaa vidogo vya kutosha kazi hiyo.

Tarehe 29 Novemba 1944 Blalock alimpasua mtoto wa kike aliyekuwa dhaifu mno. Wakati huo Thomas alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi kuliko Blalock. Kwa hivyo alisimama juu ya kistuli nyuma ya bega la Blalock, akimwelekeza sindano ipite wapi. Upasuaji ulifaulu. Habari zikaenea duniani na wazazi wakaanza kuwaleta watoto wao Baltimore kutoka mbali. Makala yaliyoandikwa mwaka wa 1945 kueleza ugunduzi huo yalikuwa na majina mawili: Blalock na Taussig. La Thomas halikuwamo.

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Thomas alinyongwa, na haki yake ikacheleweshwa. Aliwafunza wapasuaji vijana ambao baadaye walikuja kuwa mabingwa wakubwa, lakini nyakati zingine jioni alihudumu vinywaji katika karamu za Blalock ili aongeze mapato. Baadaye mshahara wake uliongezwa. Alipouliza chuoni kama anaweza kusomea shahada, alielezwa kuwa ujuzi wake wote hautahesabiwa. Ingebidi aanze chini kabisa, na angemaliza udaktari akiwa mtu mzima sana. Akaacha. Mwaka wa 1971 wanafunzi wake wa zamani walichangisha pesa, picha yake ikachorwa na kutundikwa pale Hopkins. Mwaka wa 1976 chuo kikamtunuku shahada ya heshima, na akawekwa miongoni mwa walimu wa upasuaji. Alifariki mwaka wa 1985.

MLANGO ULIPOFUNGULIWA KIDOGO

Mwaka wa 1970 Vanderbilt, pale pale Thomas alipoandikwa mfagizi, kilimhitimisha daktari wake wa kwanza mweusi. Jina lake Levi Watkins. Alikwenda Johns Hopkins, na huko Thomas akawa mshauri wake. Mwaka wa 1978 Watkins akawa mweusi wa kwanza kuongoza madaktari waliokuwa mafunzoni katika upasuaji wa moyo pale Hopkins. Mwaka wa 1980 akawa mpasuaji wa kwanza duniani kuweka ndani ya mwili wa binadamu kifaa kinachoushtua moyo wenyewe ukienda mrama. Leo kifaa hicho kinaokoa watu kila mahali.

Lakini Watkins hakuridhika kuwa peke yake. Aliingia katika kamati ya kuchagua wanafunzi, akawaandikia vijana weusi barua na kuwaalika waje, na idadi yao ikapanda. Carson niliyemsifu mdahaloni alifanya kazi katika hospitali hiyo hiyo. Kumbe nilimtaja aliyefika juu, nikawaruka walioitengeneza ngazi!

HALI YA SASA

Je, mambo yamekwisha kunyooka? Yamesonga mbele. LaSalle Leffall, mwanafunzi wa Drew, alikuwa mweusi wa kwanza kuwa rais wa Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Marekani mwaka wa 1995. Claude Organ alifuata mwaka wa 2003 na L. D. Britt mwaka wa 2010. Mwaka wa 2022 Daktari Patricia Turner, mwanamke mweusi, alianza kazi ya mkurugenzi mkuu wa chuo hicho. Pia tangu mwaka wa 1989 kuna Jumuiya ya Wapasuaji Weusi wa Vyuoni, ambamo wakubwa huwashika mkono wadogo.

Hata hivyo, katika kila Wamarekani 100, takriban 13 ni weusi, lakini katika kila madaktari 100, weusi ni kama 5 au 6 tu. Ukipanda kuelekea maprofesa wa upasuaji, wanazidi kupungua. Mwaka wa 1978 wanaume weusi 542 walijiunga na vyuo vya udaktari. Mwaka wa 2014 walikuwa 515. Miaka 36 imepita, watu wameongezeka, wao wamepungua!

Sababu si ukuta mmoja mkubwa kama zamani. Ni vikwazo vidogo vidogo vinavyorundikana, haba na haba hujaza kibaba. Nitataja vitatu.

Kwanza ni pesa za utafiti. Mwaka wa 2011 ulichapishwa uchunguzi wa maombi ya pesa katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Uwezekano wa watafiti weusi kupata pesa hizo ulikuwa chini ya ule wa weupe kwa pointi 10 za asilimia, hata baada ya kulinganisha elimu, mafunzo na makala waliyochapisha. Bila pesa hakuna utafiti, na bila utafiti kupanda cheo ni vigumu.

Pili ni walezi wa kazi. Mkubwa aghalabu humsaidia anayemkumbusha ujana wake mwenyewe. Ikiwa wakubwa karibu wote ni weupe, kijana mweusi hukosa wa kumnong'onezea siri za kazi, wala si lazima awepo mtu mwenye chuki.

Tatu ni mzigo. Daktari mweusi akiwa peke yake katika idara, yeye huitwa katika kila kamati ya usawa na yeye huwashauri wanafunzi wote weusi. Ni kazi njema lakini hula muda wa utafiti. Siku ya kupandishwa vyeo, kamati huuliza makala ni mangapi, haiulizi wanafunzi wangapi aliwafuta machozi.

USAWA NA HAKI

Hapa watu hubishana. Wengine husema kila mtu apimwe kwa kipimo kimoja, basi. Mwezi wa Juni 2023 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba vyuo visiangalie rangi ya mtu vinapochagua wanafunzi. Wanaounga mkono husema mgonjwa anataka daktari hodari, hajali rangi. Wanaopinga husema kipimo kimoja hakitoshi ikiwa wengine walianza mbio wakiwa wamefungwa miguu.

Mimi nimelielewa hivi. Sisi wa shule ya kutwa tunafanya mtihani uleule na wenzetu wa bweni. Huo ni usawa. Lakini mmoja husomea kwenye stima hadi saa nne za usiku, na mwingine huchota maji, hupika, kisha hufungua kitabu mbele ya koroboi. Hakuna anayetaka tupunguziwe mtihani. Tunachotaka ni taa. Haki kwa wapasuaji weusi wa Marekani nayo ni taa: walezi, pesa za utafiti zinazogawanywa bila upendeleo, na kazi yao yote kuhesabiwa. Kisu kibaki kikali vilevile kwa wote.

Acha nimalizie kwa jambo la nyumbani. Baba yangu alikuwa msaidizi wa maabara kwa miaka mingi katika shule fulani. Yeye ndiye aliyepanga vifaa vya mitihani, na walimu wapya walimwendea kimyakimya awaonyeshe jaribio linavyofanywa. Hadi anaondoka aliandikwa kibarua. Kwetu haikuwa rangi, ilikuwa cheti. Nilipomsomea kisa cha Vivien Thomas alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Hiyo picha waliitundika lini?"

Nikamwambia, 1971.

"Alikuwa bado hai?"

Nikamjibu, ndiyo, aliiona kwa macho yake.

Akasema, "Basi afadhali," akatoka nje kuangalia ng'ombe.

Dada yangu wa Kidato cha Pili, jibu langu ni hili. La, hawakuwa wavivu. Penye nia pana njia, lakini njia hulimwa na watu, na watu waweza pia kuiziba. Mwenye juhudi na apande, nasi tuliotangulia tusiondoke na ngazi. Muhula huu hoja ikirudi, nitaomba niketi upande wako.

Naiweka kalamu chini. Wasalaam.